Gemu bila nenosiri la msimamizi: njia ninazotumia kwenye akaunti za watoto

Nyumbani kwetu nenosiri la msimamizi ninalo mimi peke yangu. Watoto wote wanatumia akaunti za kawaida za Windows, na hiyo si adhabu. Akaunti ya kawaida ikiokota programu mbaya, madhara mengi huishia kwenye faili za mtumiaji huyo. Akaunti ya msimamizi ikiokota, kompyuta nzima imekwenda. Ubaya ni kwamba gemu, hasa za zamani ambazo ndizo tunazozipenda, hazikutengenezwa kwa utaratibu huu. Kwa hiyo nimezoea kuitwa: "Mama, limetokea tena lile dirisha la nenosiri."

Mara nyingi siendi kuliandika, kwa sababu gemu inayodai haki za msimamizi kwa kawaida haina haja nazo. Inachotaka ni mahali pa kuandika faili zake. Ipatie mahali, itanyamaza. Kuipa nenosiri ni kumkabidhi mgeni shada zima la funguo za nyumba kwa sababu anatafuta pa kuweka mkoba.

Nayasema haya kwa kompyuta iliyo yako, au ambayo mwenyewe amekuruhusu. Ya kazini au shuleni iache. Huko fundi anaweza kuwa ameweka AppLocker, ambayo hukataa programu yoyote isiyo kwenye orodha yake hata uiweke wapi, na hata ukifanikiwa utakuwa na maelezo ya kutoa.

Gemu inataka kuandika wapi

Enzi za Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, karibu kila mtu nyumbani alikuwa msimamizi bila kujua. Waliotengeneza gemu wakajizoesha: mchezo uliohifadhiwa unawekwa palepale penye faili la gemu, ndani ya C:\Program Files, na mipangilio inaandikwa kwenye rejista, yaani daftari la mipangilio la Windows, katika tawi la HKEY_LOCAL_MACHINE, ambalo ni la kompyuta nzima. Vista ilipoingia madukani Januari 2007 ikaja na User Account Control (UAC), lile dirisha linalotia skrini giza, na mazoea hayo yakageuka kero.

Akaunti ya kawaida hairuhusiwi kuandika ndani ya Program Files, ndani ya C:\Windows, wala kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE. Inaruhusiwa kila mahali ndani ya folda yake ya C:\Users, na kwenye tawi la rejista la HKEY_CURRENT_USER. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: inaruhusiwa kuunda folda mpya moja kwa moja kwenye mzizi wa C:. Faili haiwezi kuliweka pale, folda inaweza, na ndani ya folda hiyo watumiaji wote wa kompyuta wanaweza kuandika, kurekebisha na kufuta. Sisi tuna C:\Michezo, na hiyo peke yake imemaliza zaidi ya nusu ya malalamiko.

Kama gemu imeshakaa kwenye Program Files, inakili kwenda C:\Michezo. Nimesema inakili, usiihamishe. Folda ikihamishwa ndani ya diski ileile huenda na ruhusa zake za zamani, na utabaki na tatizo lilelile kwenye anwani mpya. Ikinakiliwa, nakala huchukua ruhusa za pale ilipofikia. Ukishahakikisha nakala inafanya kazi, ndipo uondoe ile ya kwanza.

Neno moja la tahadhari kwa mwenye nenosiri: kwa kuwa kila mtu anaweza kubadilisha kilichomo kwenye C:\Michezo, wewe usiendeshe chochote cha humo kwa haki za msimamizi. Aliyebadilisha faili la gemu kwa makusudi au kwa virusi atakuwa amepewa kompyuta yote na wewe mwenyewe.

Kisakinishi kikikataa kabla hata ya kuuliza folda

Visakinishi vingi huomba nenosiri kwanza, kisha ndiyo viulize pa kusakinishia. Nyingi kati ya hizo huhitaji tu kufunguliwa kama kifurushi. 7-Zip hufungua faili za zip, na pia visakinishi kadhaa vya exe: bofya kulia, chagua kufungua, uone kama faili za gemu zinaonekana mle ndani. Zikionekana, zitoe uziweke C:\Michezo. Visakinishi vilivyotengenezwa kwa Inno Setup, vikiwemo vingi vya duka la gemu la GOG, 7-Zip haivisomi vizuri. Kwa visakinishi hivyo kuna programu ndogo ya bure iitwayo innoextract. Na kama ni faili la msi, Windows yenyewe inaweza kulifungua kwenye Command Prompt, dirisha la kuandikia amri:

msiexec /a C:\Michezo\gemu.msi TARGETDIR=C:\Michezo\Gemu

Gemu nyingi huwaka hivyohivyo. Chache hugoma na kusema hazikusakinishwa, kwa sababu zinatafuta anwani yao kwenye HKEY_LOCAL_MACHINE na hazikuti kitu. Hizo sibishani nazo. Naandika nenosiri mara moja, nasakinisha kwa njia ya kawaida, ila kwenye swali la folda nachagua C:\Michezo.

Ngao kwenye aikoni

Ukiona ngao ndogo ya bluu na njano kwenye pembe ya aikoni, Windows imeshaamua kwamba programu hiyo lazima iombe nenosiri. Sababu huwa mojawapo kati ya mbili.

Ya kwanza inachekesha. Windows hukagua programu za zamani za biti 32 na kubahatisha zipi ni visakinishi, na kigezo kimojawapo ni jina la faili: likiwa na install, setup au update, inawekewa ngao. Sasa gemu nyingi za zamani zina setup.exe ambayo haisakinishi chochote. Ni pa kuchagulia ukubwa wa picha na kadi ya sauti. Ibadilishe jina iitwe mipangilio.exe uone kama ngao itaondoka.

Ya pili ni kwamba mtengenezaji mwenyewe ameandika ndani ya programu kwamba inahitaji msimamizi, mara nyingi bila sababu ya maana. Hapo natumia faili dogo la bat, yaani faili la amri zinazotekelezwa kwa mfuatano. Fungua Notepad, andika:

@echo off
cd /d "%~dp0"
set __COMPAT_LAYER=RunAsInvoker
start "" gemu.exe

Badala ya gemu.exe weka jina halisi la faili la gemu yako. Mwanzoni mwa __COMPAT_LAYER kuna mistari-chini miwili, na ukisahau mmoja amri inapita kimya bila kufanya lolote. Wakati wa kuhifadhi liite cheza.bat na uchague aina ya "All Files" ili lisije likaitwa cheza.bat.txt, na liweke kwenye folda ileile ya gemu. Kuanzia hapo mtoto anabofya cheza.bat badala ya aikoni yenye ngao.

Amri hii haimpi mtu haki asizokuwa nazo. Inaiambia Windows iiendeshe gemu kwa haki za aliyeibofya, bila kuuliza. Kama gemu kweli ilikuwa na kazi ya kimsimamizi, itakwama ikifika hapo. Kama ilikuwa inajitapa tu, utacheza.

Kulegeza folda moja

Kuna gemu ambazo lazima zibaki Program Files, labda kwa sababu kisakinishi hakitoi nafasi ya kuchagua. Hizo nazilegezea folda yao, hiyo tu, kwa kutumia nenosiri mara moja. Bofya kulia folda ya gemu, nenda Properties, kisha Security, kisha Edit, chagua Users, tia alama kwenye Modify upande wa Allow. Ukipenda amri, fungua Command Prompt kama msimamizi:

icacls "C:\Program Files (x86)\Gemu" /grant *S-1-5-32-545:(OI)(CI)M

Ile namba ndefu ni kundi la Users, na haibadiliki hata Windows ikiwa ya lugha nyingine. M ni ruhusa ya kurekebisha, na OI na CI zinaieneza kwenye faili na folda zote za ndani. Kwenye PowerShell mabano hayo huleta ugomvi, kwa hiyo baki na Command Prompt. Usije ukaiweka ruhusa hii kwenye Program Files yote kwa ajili ya kujipunguzia kazi. Nimeona ushauri huo ukitolewa na watu wanaojiita mafundi, na ni mbaya.

Michezo iliyohifadhiwa inapopotea

Hili ndilo linalowaliza watoto kuliko yote. Gemu ilikuwa inafanya kazi, wamefika hatua ya mbali, kesho yake inaanza upya kana kwamba hawajawahi kuigusa. Mara nyingi hakuna kilichopotea.

Tangu Vista, programu ya biti 32 ya kizamani ikijaribu kuandika ndani ya Program Files kwa akaunti ya kawaida, Windows haiikatalii. Inaidanganya. Faili linaandikwa kwingine, hapa:

C:\Users\Mtoto\AppData\Local\VirtualStore\Program Files (x86)\Gemu

na gemu inaamini imeandika palepale ilipotaka. Kila akaunti ina VirtualStore yake. Kwa hiyo dada akihifadhi, kaka haoni. Na gemu ikiendeshwa siku moja kama msimamizi, udanganyifu huo haufanyiki: inasoma na kuandika kwenye folda halisi, na michezo yote iliyomo VirtualStore inakuwa kama haipo. Siku inayofuata ikiendeshwa kawaida, ile ya jana ndiyo inayofichwa na nakala ya zamani. Ukiongeza kwamba faili za exe haziingizwi kwenye mpango huu, utaelewa kwa nini gemu inaweza kuhifadhi alama vizuri lakini ikashindwa kujisasisha.

AppData ni folda iliyofichwa, kwa hiyo badala ya kuitafuta andika %LOCALAPPDATA%\VirtualStore kwenye upau wa anwani wa dirisha la faili, ukiwa ndani ya akaunti ya mtoto husika. Ukikuta folda ya gemu humo, nakili yote kwenye gemu iliyoko C:\Michezo, kisha ibadilishe jina ile ya VirtualStore ili isiendelee kuchanganya. Kutaka kujua kama gemu fulani inadanganywa hivi, fungua Task Manager wakati inaendelea, nenda Details, bofya kulia vichwa vya safu na uongeze safu ya "UAC virtualization". Ikisema Enabled, faili zake huenda zimo kule.

Hii ni sababu nyingine ya kutozima User Account Control. Kuizima kabisa hakumwongezei mwenye akaunti ya kawaida haki hata moja, na kunauondoa udanganyifu huu ambao gemu za zamani zimeuegemea.

DLL iliyokosekana

"d3dx9_43.dll was not found." Ujumbe huu unatokana na kukosekana kwa vipande (dll) vya DirectX 9, programu ya Microsoft ambayo gemu huitumia kuchora picha, na kisakinishi chake kinahitaji nenosiri. Lakini gemu hutazama kwanza folda yake yenyewe, kwa hiyo dll hiyo ikiwekwa kando ya exe inatosha. Pakua kifurushi cha Microsoft cha Juni 2010, directx_Jun2010_redist.exe, kifungue kwa 7-Zip. Ndani kuna faili nyingi za cab, na kila cab ina dll yake. Kwa gemu ya biti 32 chukua ile ya x86. Kamwe usiende kwenye tovuti zinazogawa dll moja moja. Huko ndiko virusi vinakotoka.

Za DOS hazina neno

Gemu za DOS ndizo rahisi kuliko zote, na nashangaa watu wanavyoziogopa. DOSBox ni programu inayoigiza kompyuta nzima ya zamani ndani ya dirisha, na kwa Windows hiyo ni programu ya kawaida tu isiyotaka haki yoyote. DOSBox Staging inapatikana kama zip: itoe, iendeshe. Chukua Doom ya mwaka 1993, ile sehemu ya kwanza iliyotolewa bure. Iweke C:\Michezo\dos\doom, fungua DOSBox, andika:

mount c C:\Michezo\dos
c:
cd doom
setup

Setup ya Doom itauliza kadi ya sauti. Chagua Sound Blaster, anwani 220, IRQ 7, DMA 1, ambazo ndizo DOSBox inazoziigiza isipoambiwa vingine. Ukishahifadhi, andika doom. Hapa ndani setup haiombi nenosiri, kwa sababu Windows haijui hata kwamba ipo. Alt na Enter hujaza skrini, Ctrl na F10 huachia kipanya kilichonaswa, Ctrl na F12 huongeza kasi gemu ikijikokota, Ctrl na F11 huipunguza. Ukichoka kuandika mistari hiyo kila siku, ibandike mwishoni mwa faili la mipangilio la DOSBox, chini ya [autoexec].

Gemu za hadithi za kubofyabofya zina ScummVM, ambayo nayo inapatikana kama zip.

Maduka ya gemu

Steam inahitaji nenosiri wakati wa kuisakinisha, ikaacha nyuma huduma yake inayofanya kazi za kimsimamizi kimyakimya, na folda yake inaruhusu watumiaji wa kawaida kuandika. Baada ya hapo watoto wanapakua na kucheza wenyewe, ingawa gemu mpya ikifunguliwa mara ya kwanza inaweza kuomba nenosiri ili iweke Visual C++ au DirectX. Naiendesha mwenyewe mara hiyo ya kwanza. Roblox hujiweka ndani ya folda ya mtumiaji na haiulizi mtu. Programu ya duka la itch vilevile.

Ngome ya mtandao ni kisa kingine. Gemu inayotaka kupokea wageni kwenye mtandao wa nyumbani inaweza kuleta dirisha la Windows Firewall, na mtoto akibofya Cancel mara nyingi inaandikwa kanuni ya kuizuia. Hatakumbuka. Mwezi mwingine ndugu zake hawawezi kujiunga na mchezo aliouanzisha, ilhali yeye anajiunga na wa kwao bila shida. Fungua kanuni za kuingia za ngome kwa nenosiri lako, tafuta jina la gemu, futa kanuni iliyozuia.

Zisizoepukika

Chochote kinachoingiza draiva kwenye kiini cha Windows kitataka msimamizi, na hakuna hila ya halali ya kukwepa. Programu nyingi za kuzuia wachezaji wadanganyifu kwenye gemu za mtandaoni ziko kundi hili. Vanguard, ya kampuni ya Riot, huwaka pamoja na kompyuta yenyewe. Hapo uamuzi ni wa mwenye kompyuta: unamwamini mtengenezaji huyo kiasi hicho au humwamini? Mimi nimewakubali wengine na nimewakataa wengine, na watoto wanajua sababu.

Diski za zamani zenye SafeDisc, kinga dhidi ya kunakiliwa, usihangaike nazo hata kwa nenosiri. Zilitegemea draiva iitwayo secdrv.sys, na Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikuipokea tena. Tafuta gemu hiyo kwenye duka linaloiuza bila kinga.

Kuna pia ushauri wa kutumia amri ya runas yenye /savecred, inayoendesha programu kwa akaunti nyingine, kwamba unaandika nenosiri mara moja na Windows inalikumbuka. Inalikumbuka kweli, kwa gemu na kwa programu nyingine yoyote ambayo mtoto ataiandika kwenye amri hiyohiyo. Umempa nenosiri bila kumtajia.

Kwa walio kwenye Linux maelezo ni mafupi. Wine, inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, huweka kila kitu ndani ya folda yako ya nyumbani na haitakiwi kuendeshwa kama root, yaani msimamizi, hata kidogo. Flatpak, njia ya kusakinisha programu kwenye Linux, ikipewa --user husakinisha bila kumgusa msimamizi.

Ukishajaribu yote

Gemu moja ya mbio za magari ilikuwa inawaka vizuri kwangu, na kwa watoto inafunguka na kujifunga papo hapo bila ujumbe. Ilikuwa C:\Michezo, haina ngao, VirtualStore tupu. Kwa kesi za namna hii natumia Process Monitor, programu ya bure kutoka Microsoft inayoorodhesha kila faili ambalo programu inajaribu kuligusa. Yenyewe inahitaji nenosiri, kwa hiyo unaiendesha wewe ndani ya akaunti ya mtoto, unaweka kichujio cha jina la exe ya gemu na kingine cha Result kuwa ACCESS DENIED, kisha mtoto anafungua gemu. Mistari huwa michache. Wetu ulionyesha faili la alama ndani ya C:\ProgramData. Folda ile ina kanuni yake: mtumiaji wa kawaida anaweza kuunda faili jipya humo, lakini hawezi kugusa lililoundwa na mwingine, na la kwetu liliundwa na akaunti yangu nilipoijaribu gemu siku ya kwanza. Icacls ileile ya hapo juu, safari hii kwa folda ya gemu iliyo ndani ya ProgramData, na magari yakaondoka.